Namba 214

Mwezi wa tisa pori la Ipole huvaa nyekundu
kabla tone la mvua halijaonekana hata kwa jirani.
Majani machanga yote rangi moja,
kama wanafunzi asubuhi ya gwaride,
na mimi ndiye niliyepewa daftari niwaite majina.

Nilisomea kazi hii. Naweza kukueleza
kwamba miti hii, mirefu kuliko nguzo za umeme,
ni jamaa ya kunde, ukoo mmoja na maharage
yanayochemka kambini tangu saa tisa na bado hayajaiva.
Ntinginya, mpishi wetu, alicheka mpaka akakaa chini.
"Basi panda," akasema, "unichumie mboga."

Nikakata tawi. Halikuwa na ua, halikuwa na ganda.
Nikalilaza ndani ya gazeti la mwaka jana,
juu ya msimamo wa ligi,
nikakaza mikanda ya ubao,
nikaandika: Namba 214. Mtundu.
Kwa wino.
Penseli ilikuwepo mfukoni.

Kalunde alifika akikokota baiskeli,
magome ya mizinga yamefungwa nyuma kwa kamba ya katani.
Akasoma lebo yangu polepole, midomo ikicheza.
"Huyu si mtundu," akasema. "Umemsingizia.
Mtundu hapa ni wewe."

Nikamhesabia vijani, jozi kwa jozi: tano.
Mtundu huwa na nne, nikamwambia, ila tano hutokea,
na kitabu kinaruhusu.
Hakubishana na kitabu.
Alichuma jani bichi la mti uleule
akalipitisha, ukingo wake, kwenye mdomo wangu wa chini,
kama kinyozi anayejaribu wembe.
Palikuwa na manyoya.
Jicho langu lilikuwa limeyaruka, na lenzi ikining'inia shingoni.

Kisha akalitandaza jani kiganjani, akakariri
wanachofundishana warina asali wa kwao:

*Kubwa mwisho, ni mtundu;
muba, kati pana nundu.*

Na kweli. Jozi ya katikati ilikuwa pana kuliko zote,
na ile ya nchani imesinyaa
kama mgeni aliyekalia pindo la mkeka.
Nilikuwa nimezihesabu mara tatu
bila kuzitazama.

"Mtundu unachanua sasa," akasema, akikaza kamba upya,
"nyuki wanakunywa, narina kidogo kabla ya Krismasi.
Muba unaningoja mpaka mvua ichoke.
Mwaka ule nilikosea,
nikatundika mizinga sita kwenye kilima kilicholala.
Sita! Nilikula ugali kwa chumvi."
Akaniachia maganda mawili ya msimu uliopita:
moja laini, limening'inia chini ya majani yake mpaka likapasuka,
jingine la kahawia, lenye ngozi ya mahameli,
lililokuwa limesimama juu ya kilele kama mkono darasani.
Nilikuwa nimepita chini ya mikono hiyo siku nne.

Tabora mjini, ofisini, feni inazunguka bila upepo.
Kanuni yetu ni moja: lebo ya kwanza haing'olewi.
Kosa hubaki na mwandiko wake na tarehe yake,
na ukweli hugandishwa chini yake, kwa gundi, ukingoja
mwingine aje aupinge.
Nikakata kikaratasi. Safari hii penseli.

*Muba. Ametambua: Kalunde, wa Ipole.
Kwa mdomo.*

Mkuu wa chumba akavua miwani.
"Kwa mdomo ndiyo nini?" akauliza. "Hapa hatupokei
habari za kusikia. Tunataka kielelezo."

Sikumjibu.
Nilifungua gazeti pale kwenye msimamo wa ligi,
nikachomoa kijani kimoja kikavu, cha katikati,
nikamsogezea mdomoni.